Moyo, mama, unaendeleaje? Mwongozo kamili wa kuendesha tiba ya kikundi kwa wenye kisukari walioshikwa na sonona

Siku ya kliniki ya sukari, saa moja asubuhi, benchi limeshajaa. Watu hawajatia kitu mdomoni, wanasubiri kutobolewa kidole. Muuguzi anasoma sukari: 17, 14, 19, zote juu mno. "Mama, dawa unameza?" "Nameza." "Chakula unafuata?" "Nafuata." Kadi inaandikwa, vidonge vinaongezwa, anaitwa anayefuata. Nimeuliza maswali hayo kwa miaka na kupokea majibu yale yale, mpaka nilipoanza kuongeza la tatu: "Na moyo, mama, unaendeleaje?" Hapo wengine hunyamaza. Wengine hushika ncha ya kanga.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu, afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetaka kuanzisha kituoni kwake kikundi cha tiba ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Nimeuandika kwa kliniki ya kisukari kwa sababu ndiyo ninayoijua, lakini anayefanya kazi CTC (kliniki ya wenye VVU), kliniki ya selimundu au ya presha ataona mengi yanamhusu. Ukiwa wewe ndiye mgonjwa, soma tu. Utajua uombe nini.

Jambo moja niliseme mapema, maana ndilo linaloua vikundi vingi kabla havijafika wiki ya tatu. Sisi watu wa afya tumezoea kufundisha. Tukiona watu 8 wamekaa kwenye viti tunatafuta bango la lishe. Kikundi cha tiba hakina bango. Mgonjwa aliyeishi na sukari miaka 12 anajua sima ni nini na matembele ni nini. Asichokuwa nacho ni mahali pa kusema kwamba tangu akatwe kidole cha mguu mumewe hulala chumba cha watoto.

Njia yenyewe na ilikotoka

Tiba ninayoieleza hapa inajikita katika mahusiano. Wataalamu huiita IPT, kifupi cha Interpersonal Psychotherapy. Wazo lake ni jepesi: sonona huja na kuondoka pamoja na yanayotokea kati yetu na watu wetu. Mtu akisaidiwa kuona uhusiano huo, na akajaribu namna nyingine ya kusema au kuomba, moyo huanza kuinuka.

Majaribio yaliyoipa jina Afrika Mashariki yalifanyika mwaka 2002 katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, sehemu ambazo UKIMWI ulikuwa umezika watu wengi. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe hali hii huiitaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Vijiji vilikuwa 30, na 15 kati yake vilipata vikundi: wanawake peke yao, wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliosoma sekondari, wakapewa mafunzo ya wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na sonona kubwa walikuwa asilimia 6.5 kwenye vijiji vyenye vikundi, na asilimia 54.7 kwenye vijiji visivyo navyo. Matokeo yalichapishwa 2003. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa vikundi vya aina hii, uliofupishwa kuwa vikao 8.

Kuna utafiti mwingine wa Uganda ambao mimi hupenda kuwasimulia wakubwa wa kituo wanaponiuliza kwa nini tusiwape tu elimu ya afya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walifanya kazi na vituo 30 vya afya huko Gulu, Kitgum na Pader, kaskazini mwa nchi hiyo, kwa watu 1,140 wanaoishi na VVU na wenye sonona. Wote walikaa katika vikundi, vikao 8. Nusu ya vituo vilitoa tiba ya kikundi: watu walizungumza yaliyowasibu, wakajifunza kukabiliana nayo, wakamalizia na stadi za kujipatia kipato. Nusu nyingine vilitoa elimu ya VVU. Miezi sita baada ya vikao kwisha, waliokuwa bado na sonona kubwa upande wa tiba walikuwa 2 kati ya 578. Upande wa elimu walikuwa 160 kati ya 562. Wote walikaa kwenye duara, na wote walikuwa na mwenzao wa kusalimiana. Kilichowatofautisha ni kilichozungumzwa.

Hatua ya kwanza: mtafute wa kukusimamia

Kabla ya viti, kabla ya daftari. Unahitaji mtu mmoja mwenye ujuzi wa afya ya akili, awe muuguzi wa akili wa hospitali ya wilaya au daktari, ambaye utazungumza naye kila wiki baada ya kikao, hata kwa simu ya dakika 20. Atakusaidia pale utakapokwama, na atampokea utakayempeleka. Kama hayupo kabisa, usianze. Kumfungua mtu moyo halafu ukakosa pa kumpeleka ni kumwongezea mzigo.

Hakikisha pia wewe mwenyewe umefunzwa, siyo kwa kusoma tu. Na mwenye kituo ajue kwamba kwa muda wa saa mbili za kikundi kila wiki hutaitwa kwenda kuchanja watoto.

Hatua ya pili: chuja, na usidanganyike na uchovu

Tumia dodoso la maswali 9, PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita, na kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na kuendelea humweka mtu kwenye sonona ya wastani, 15 inaanza kuwa nzito, 20 ni kali.

Tatizo ni kwamba kisukari chenyewe hujibu nusu ya maswali hayo. Kuchoka? Sukari ya 18 humchosha yeyote. Kukosa usingizi? Anaamka mara nne kukojoa. Hamu ya kula? Umemkataza kila kitu. Kwa hiyo usiangalie jumla peke yake. Angalia maswali mawili ya mwanzo: kutokuwa na hamu ya mambo aliyoyapenda, na moyo kuwa mzito au kukata tamaa. Mtu mwenye 12 iliyotokana na maswali ya mwili tu, kama uchovu, usingizi na hamu ya kula, huku bado anacheka na wajukuu, hana sonona. Ana sukari isiyodhibitiwa. Mwenye 9 ambaye ameacha kwenda kanisani au msikitini na amesema "sioni maana", huyo mkalishe uongee naye.

Usiulize "una sonona?" Neno lenyewe wengi hawalijui, na wakisikia "afya ya akili" wanafikiri umewaita vichaa. Uliza wanavyosema wao: mawazo mengi, moyo mzito, kujichukia, kulia bila sababu, mwili kufa ganzi bila kujua kunakoanzia.

Mpime na mwili. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, na upungufu wa vitamini B12 kwa mtu aliyemeza metformin miaka mingi, vyote huweza kujifanya sonona. Sukari inayoshuka usiku humwamsha mtu na jasho na hofu. Uliza dawa nyingine anazotumia: efavirenz kwa baadhi ya wenye VVU, cycloserine kwa wenye kifua kikuu sugu, na prednisolone, zinajulikana kuvuruga hisia. Uliza pombe, bila sauti ya kuhukumu.

Wafuatao wasianzie kwenye kikundi, waende kwanza kwa daktari: mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti au kuona visivyoonekana na wengine, aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kutolala siku kadhaa, anayekunywa kila siku, na aliyechanganyikiwa ghafla (huyo wa mwisho mpime sukari papo hapo). Mwenye alama 20 na zaidi daktari amwone. Wengi wao hupewa dawa kama fluoxetine au amitriptyline na wakaja kikundini pia. Dawa na kikundi havigombani.

Na angalia undugu. Niliwahi kuweka mkwe na mama mkwe kikundi kimoja kwa sababu majina ya kadi hayakufanana. Wiki mbili nzima hakuna aliyesema neno, nami nikidhani ni aibu.

Hatua ya tatu: mazungumzo ya mtu mmoja mmoja

Kabla ya kikundi, kaa na kila mmoja peke yake kwa saa nzima. Watu huiruka hatua hii kwa kukosa muda, halafu kikundi kinayumba. Kuna mambo matatu ya kufanya humo.

Kwanza, mpe ugonjwa jina na umwondolee lawama. "Mama, uliyonieleza yote, kulia, kutopenda watu, kuona wewe ni mzigo, ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Siyo uvivu, siyo imani ndogo. Na unatibika." Mruhusu apunguze mambo kwa wiki hizi chache bila kujiona mkosaji.

Pili, chora naye duara la watu wake. Nani anakaa naye? Nani anamnunulia dawa? Nani alikuwa rafiki na siku hizi haonekani? Nani akipiga simu tumbo linamkata? Ukimaliza utakuwa na ramani.

Tatu, kubalianeni ni eneo gani kati ya manne lililoutia moyo giza. Haya ndiyo yatakayoongoza vikao vyote:

*Kufiwa.* Aliyefiwa na mtu na hajapona. Kwa wagonjwa wetu mara nyingi ni ndugu aliyekufa kwa sukari hiyo hiyo, na kila akitoboa kidole anamwona yule kitandani.

*Ugomvi.* Na mume, mke, mtoto, mawifi, mwajiri. Ugomvi wa kisukari huwa wa kimya: chungu kimoja au viwili? Nani alipie vipimo? Mume anasema mke anajidekeza, mke anasema mume anataka yeye afe aoe mwingine.

*Mabadiliko ya maisha.* Fundi ujenzi aliyekatwa mguu. Dereva aliyeambiwa macho hayafai tena. Kijana wa miaka 19 aliyeanza insulini. Mwanamume aliyepoteza nguvu za kiume na hajamwambia mtu yeyote. Nakuambia hili la mwisho ni kubwa kuliko tunavyolihesabu, na ndilo linalofanya vikundi vya wanaume peke yao kuwa lazima. Hakuna mzee atakayelisema mbele ya mama wa jirani.

*Upweke.* Asiye na watu, au aliyejitenga. Huacha kwenda harusini kwa sababu akikataa soda anaulizwa, akinywa anaumia.

Mtu anaweza kuwa na yote manne. Chagua moja, yasizidi mawili.

Hatua ya nne: mahali, saa, na kilichomo kabatini

Wanachama 6 hadi 10. Mimi hualika 10 nikijua nitabaki na 8. Kikundi kikishaanza kifungwe, asiingie mpya.

Usifanye asubuhi wakiwa hawajala. Wakishapimwa, wakishachukua dawa na kunywa chai, saa nne unusu ni nzuri. Kama siku ya kliniki ni mara moja kwa mwezi, zungumzeni nauli waziwazi tangu mwanzo: kikundi ni kila wiki, nani ataweza? Usiahidi posho. Siku posho itakapokatika, utajua nani alikuja kwa posho, na aliyekuja kwa moyo ataona umemdanganya.

Chumba kiwe na mlango unaofungwa, choo kiwe karibu (wenye kisukari na wanaomeza dawa ya kukojoa hawawezi kukaa dakika 90), na viti viwe vya kuegemea. Mkeka ni mzuri kwa mazungumzo, lakini mwenye kidonda mguuni atateseka kuinuka. Duara, bila meza, bila koti jeupe. Chai ya rangi isiyo na sukari na karanga kidogo. Kabatini weka soda ya kawaida yenye sukari na kipimo cha sukari: mtu akianza kutetemeka na kutoka jasho katikati ya simulizi, usidhani ni hisia.

Hatua ya tano: kikao cha kwanza

Anza kwa salamu za kila mmoja, wakubwa kwanza. Kijana anayeongoza watu wazima asione haya kusema shikamoo mara 8. Heshima hiyo ndiyo itakayomruhusu kuuliza magumu baadaye.

Kisha makubaliano. Yatoke kwao, wewe ongeza tu yaliyosahaulika. La siri lichukue muda, hasa kwenye miji midogo. "Ya humu yanabaki humu" haitoshi, kila mtu husema hivyo. Uliza: mkikutana sokoni mtasalimianaje? Mumeo akiuliza mlizungumza nini, utamjibuje? Simu zizimwe, hakuna kurekodi. Kikundi cha WhatsApp kikianzishwa kiwe cha kukumbushana saa tu, kipewe jina lisilosema kitu, kama "Jumanne saa nne", na hali ya mtu isiandikwe humo. Sema pia mpaka wa siri yako: maisha ya mtu yakiwa hatarini, utamwambia mwingine, na utamjulisha yeye kwanza.

Halafu kila mmoja aeleze kwa kifupi moyo wake ukoje na ulianza lini kuwa hivyo. Usimlazimishe anayetaka kusikiliza tu. Kuna kitu hutokea kikao hiki bila wewe kufanya lolote: mtu wa tatu au wa nne anapoeleza, utamwona wa kwanza anatikisa kichwa. Amegundua hayuko peke yake. Usiharibu dakika hiyo kwa maelezo.

Hatua ya sita: vikao vya katikati, ambamo kazi hufanyika

Kuanzia cha pili hadi cha saba mwendo ni mmoja. Kabla ya kukaa, kila mmoja ajaze dodoso. Asiyesoma msomee pembeni. Ndani ya duara uliza: "Wiki hii moyo ulikuwaje, na kulitokea nini?" Sehemu zote mbili za swali zina kazi. Mtu atasema "ulikuwa mbaya". Wewe uliza siku ipi hasa. "Alhamisi." Alhamisi kulikuwa na nini? Na hapo jambo linatokea.

Chukua mfano, niliouunga kutokana na wengi. Mama wa miaka 58 anajidunga insulini. Mwanawe aliye mjini ndiye anayetuma hela. Alhamisi hela haikuja, mama akaanza kudunga nusu ili chupa isiishe, akajifungia ndani, Ijumaa hakwenda kwenye msiba wa jirani.

Muuguzi aliye ndani yako amesikia "nusu" na anataka kupiga kelele. Mwambie kwa utulivu: "Mama, hilo la dozi mimi na wewe tutalimaliza leo leo, usiondoke kabla hatujazungumza." Ulitimize kweli. Kisha urudi kwenye Alhamisi.

"Mwanao ulimwambiaje?"

"Nilimpigia. Nikamwambia sukari imepanda."

"Maneno yenyewe yalikuwaje?"

"Nilisema, 'Mwanangu, hali siyo nzuri, sukari imepanda, lakini namshukuru Mungu.'"

"Naye?"

"Akasema pole mama, utapona."

Nyamaza hapo. Acha duara lifanye kazi. Mtu atasema: "Mwenzangu, mbona hela hukuiomba?" Mama atasema mwana mwenye akili huelewa. Mwingine atasema wake mwenyewe haelewi mpaka umtajie shilingi. Watacheka. Katika kicheko hicho mama ameona kitu ambacho ningemweleza mwezi mzima asikione: hakuomba, na amekuwa akimkasirikia mtu kwa kukataa asichoombwa.

Sasa uliza njia zilizopo, zote, hata za kijinga. Amwambie waziwazi. Amtume binti. Auze kuku. Aulize kituoni kuhusu msamaha wa malipo. Mama achague moja, siyo wewe. Akichagua kumwambia, aigize. Mmoja awe mwana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekupigia nina jambo. Insulini imebaki ya siku nne. Chupa ni shilingi kadhaa. Ukipata kabla ya Jumamosi nitumie. Usipopata niambie mapema nijue pa kwenda."

Mara ya kwanza atarudi kwenye "namshukuru Mungu". Rudieni mara tatu. Mpe mwenzake nafasi ya mama, naye awe mwana. Akiwa upande wa pili atasikia jinsi maneno yake yalivyofunikwa. Kisha kubalianeni siku atakayopiga. Wiki ijayo swali lako la kwanza kwake liwe hilo. Kama mwana alikataa, hilo nalo ni habari, mnaanza hapo.

Kwa kufiwa hakuna igizo la aina hii. Hapo kazi ni kumwacha mtu amsimulie marehemu, mazuri na mabaya, ugonjwa ulivyokwenda, siku ile. Kwa mabadiliko, mwache kwanza aomboleze alichopoteza. Fundi asiyeweza kupanda ngazi hataki kusikia wiki ya kwanza kwamba anaweza kuuza mkaa. Baadaye atasema mwenyewe anachoweza. Kwa upweke anza na hatua ndogo sana: kumsalimia mtu mmoja, kukaa msibani nusu saa.

Watakaokusumbua ni hawa. Anayehubiri: "Mwachie Mungu, dada." Usimpinge, imani ni nguzo ya wengi humu, mwambie, "Amina baba. Na dada huyu akishamwachia Mungu, kesho asubuhi afanye nini?" Mwenye dawa ya mitishamba, ambaye kila kikao ana mizizi mipya: sema dawa zote zinazungumzwa na wewe baada ya kikao, humu tunazungumza watu. Anayelia: usikimbilie kumnyamazisha, mwenzake wa karibu atamshika mkono bila kuagizwa. Na wewe mwenyewe. Hesabu, baada ya kikao, nani alizungumza zaidi. Kama ni wewe, ulikuwa unafundisha.

Mtu akikosa kikao, mpigie siku hiyo hiyo. Kwa mgonjwa wa sukari kukosa kunaweza kuwa amelazwa.

Na itatokea mwanachama akafa. Usijifanye hakuna kilichotokea. Kiti chake kibaki siku hiyo, kikao chote kiwe chake, na mkubaliane mtakwendaje msibani bila kufichua alikuwa kikundi gani. Kila mmoja pale anajiuliza kama ni yeye anayefuata. Waulize, waseme.

Hatari ya kujiua: usisubiri hatua yake

Swali la 9 la dodoso huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lisome kila wiki kabla mtu hajakaa. Likiwa na alama yoyote juu ya 0, mtoe pembeni uulize kwa maneno yasiyozunguka: "Umefikiria kujiua? Una mpango? Uliwahi kujaribu?" Kuuliza hakumtii mtu wazo. Wengi huona nafuu. Wengi pia huogopa kujibu kwa sababu wamesikia ni kosa la jinai, kwa hiyo mhakikishie unauliza ili umtibu.

Kwa wagonjwa wetu kuna sura nyingine ya jambo hili: mtu anayeacha dawa kimyakimya. Hasemi anataka kufa, anasema tu amechoka kumeza. Muulize vile vile.

Mwenye mpango asiachwe peke yake hata dakika moja, hata kwenda chooni. Msimamizi wako apigiwe, ndugu aitwe kwa ridhaa yake, insulini na vidonge vikae kwa ndugu huyo, na apelekwe hospitali siku hiyo. Watu wa nyumbani wawe na namba ya kupiga usiku: Tanzania 199 ni ya Wizara ya Afya, Kenya 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, zote bila malipo.

Hatua ya saba: kufunga, na habari ya kikoba

Anza kutaja mwisho tangu kikao cha sita. Waliokosa watu maishani huumia kikundi kinapokwisha, na alama za wengine hupanda kidogo wiki hiyo. Ni huzuni ya kuagana. Iseme kwa jina lake ili wasidhani ugonjwa umerudi.

Kikao cha 8 kila mmoja aeleze kilichobadilika na alichofanya yeye mwenyewe kukibadilisha. Shikilia hilo la pili. Watasema "ni wewe nesi". Rudisha: "Aliyempigia mwanao ni nani?" Kisha kila mmoja ataje dalili zake tatu za mwanzo zinazoonyesha moyo unaanza kuzama, na mtu atakayemwambia. Andika nyuma ya kadi ya kliniki. Ambaye alama zake hazijashuka angalau nusu, au bado ni 10 au zaidi, mrudishe kwa msimamizi.

Karibu kila kikundi nilichoongoza kiliomba kuendelea kama kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mwanzoni nilikataa, niliona pesa zitaleta ugomvi. Nimebadilika. Wenzetu wa kaskazini mwa Uganda waliweka kipato ndani ya tiba yenyewe, na mama aliye na hisa zake hamsubiri mwana kila Alhamisi. Ila ninashika sharti moja: kikoba kianze baada ya kikao cha 8, na kiongozi wa fedha asiwe mimi. Hela ikiingia wiki ya tatu, anayedaiwa haji, na ndiye uliyekuwa ukimhitaji zaidi.

Baada ya miezi mitatu, siku ya kliniki, wape dodoso tena. Andika alama kando ya kipimo cha sukari, kadi ile ile, mstari ule ule. Usitarajie sukari ishuke kwa kila mtu; kwa wengine hushuka, kwa wengine moyo unapona na sukari inabaki palepale, hapo ndipo unaporudi kwenye dawa. Nawe sasa una mgonjwa ambaye ukimuuliza kama anadunga dozi kamili atakuambia kweli.